Sikuhesabii Tonge, Baba

Baba yangu uliyeko kijijini Mute,

Ulinisema mbele ya watu, kwa hiyo nami nakujibu mbele ya watu. Ulisema mtoto wako wa kwanza anakuhesabia tonge, bora ukale mihogo kwa shangazi Somoe. Waliosikia wameyafikisha hadi Awasse. Habari iliponifikia nilikuwa nimeshika vidonge vyako vya kisukari, pakiti nzima, hakijatoka hata kimoja.

Kuhesabu ulinifundisha wewe. Nazi zikiangushwa ulizipanga tano tano, na mnunuzi akianza kubabaisha unaniita: "Njoo mama, mwoneshe huyu." Nikitaja jumla, unacheka mpaka kofia inakuanguka. Kwa hesabu hizo nilianza na kikaango kimoja cha vitumbua, leo nina duka mjini Palma, na hakuna aliyenipa. Ukisema nahesabu, sioni aibu. Ila tonge lako sijalihesabu. Nilihesabu sukari yako.

Unakumbuka tulivyotaabika na sinia? Wewe ndiye mkubwa wa ukoo. Usipotia mkono, hakuna anayekula. Kila khitma, kila harusi, unakula wali usioutaka ili watu wale, na asubuhi kipimo cha sukari kinasoma kumi na saba, kumi na tisa. Ndipo nesi akatueleza habari za unga wa protini. Alikupima figo kwanza, kisha akasema, "Koroga kwa maji matupu, unywe nusu saa kabla ya wali. Mkono utautia, lakini wali hutaubugia. Na vidonge viko pale pale." Ukamtania: "Kumbe dawa ya wali ni maziwa ya unga." Ukanywa, ukaenda harusini, ukaonja, ukaacha. Asubuhi kipimo kikasoma tisa. Tulishikana mikono kama watu waliouza shamba kwa bei nzuri. Nilifurahi, Baba, sitaficha.

Matatizo yalianzia kwenye tisa ile. Sifa zote ukaupa unga, vidonge ukaviacha. Nadhani najua kwa nini. Unga unakorogwa, unanyweka, hata mgeni unaweza kumkaribisha. Kidonge kinakukumbusha kwamba unaumwa. Ukaongeza vijiko, ukaanza kutia maziwa ya kopo yenye sukari upate ladha. Nilipokuuliza ukanijibu, "Mimi nanywa kitu cha wanamichezo, wewe unaniletea chaki." Kipimo kikapanda hadi kumi na nane.

Nikalichukua kopo la unga, nikalifungia dukani. Jioni ile tulikuwa na wageni. Uliuliza kopo lako liko wapi, nami nikakutajia namba ya kipimo mbele yao. Ukasimama, sinia halijaguswa. Wageni wakabaki wanatazama wali unapoa, hakuna aliyejua kama anaruhusiwa kula. Ukasema uliyosema, ukachukua bakora na mfuko wako.

Sasa shangazi ananiambia una kidonda kwenye kidole cha mguu, hakikauki, na wewe unasema ulijikwaa tu. Anasema pia umejinunulia kopo jingine na unalinywa badala ya chakula cha asubuhi, na vidonge huvitaki hata kuvisikia. Nikipiga simu, unampa mwingine aongee. Sukari haina habari kwamba tumegombana, Baba. Inaendelea na kazi yake mguuni mwako wakati sisi tunanuniana.

Nakuja Jumamosi na nesi. Kopo lako nakurudishia, ulinywe kwa maji kama mwanzo. Sina ugomvi nalo. Nesi atakiangalia kidonda, atakupima, na namba atakusomea wewe peke yako chumbani. Mimi nitakaa uani na shangazi, sitauliza. Ukitaka nikuombe radhi kwa ile jioni ya wageni, tutaongea, na wewe pia una ya kuniambia. Hayo yanaweza kungoja. Kidole hakiwezi.

Na kama bado unataka kunifukuza mbele ya Mute nzima, nitaondoka bila neno. Lakini meza kidonge kwanza, ndipo unifukuze.

Ni mimi,
mwanao wa kwanza.