Kabati Alilotengeneza Kimani

Kimani anarudi!

Kimani wangu, kifungua mimba wangu, ameachiliwa kizuizini. Jumamosi ataletwa hapa kwa chifu, na mimi nitakwenda kumchukua kwa mikono yangu hii. Nimeliandika hilo kwanza, kabla ya siku na kabla ya salamu, kwa sababu tangu karani wa chifu aliposoma majina ya wanaoachiliwa Jumatatu sijaweza kulitamka bila midomo kutetemeka. Kalamu angalau ni ngumu kuliko midomo.

Leo ni Alhamisi, mwezi wa saba, 1958. Ruiru yote imefunikwa na ukungu na yale manyunyu membamba ya gathano, msimu wetu wa baridi, yasiyolowesha nguo mara moja lakini yanakuingia hadi kwenye mifupa. Jua sijaliona tangu Jumapili. Nimekaa mlangoni kwenye mwanga, vidole vimepauka kwa magadi na kucha zina rangi. Mimi niliyeishia standadi tatu ya misheni, nimejaza daftari moja na sasa niko katikati ya la pili. Wako waliosoma kunipita ambao hawajaandika hata ukurasa.

Nataka kuandika habari za kabati, maana leo limeniliza.

Kabati hili alilitengeneza Kimani alipokuwa akijifunza useremala kwa fundi wa Kihindi kule Thika. Mbao ni za masanduku yaliyotupwa na kiwanda. Alizichagua moja moja, akazipiga randa mpaka ukipitisha kiganja huoni hata kibanzi. Lina rafu juu na milango miwili chini. Vijana wa rika lake wakipata senti walikuwa wananunua viatu vya kwendea kanisani. Wangu alimwinulia mama yake vikombe kutoka sakafuni. Nilijisifia kabati hilo kisimani mpaka wanawake wakawa wakiniona nakuja wanaharakisha kujaza mitungi. Waharakishe. Kama wana la kujisifia, si waseme?

Baadaye akaenda Nairobi kutafuta kazi, na huko ndiko alikochukuliwa na askari wakati wa Hali ya Hatari, akapandishwa lori pamoja na wengine wengi. Haukupita muda nasi tukaamriwa kuacha boma letu tuje kujenga hapa kijijini, nyumba na nyumba zimebanana kama meno. Boma la zamani lilichomwa. Baba Kimani alikuwa ameshaanza kuumwa kifua, kwa hiyo mizigo ilikuwa yangu. Kabati nililifungua vipande vipande, nikavifunga kwa ukanda, nikautia ukanda kichwani, nikalibeba mgongoni kama kuni. Watu waliniuliza kwa nini nisibebe mahindi kwanza. Nilirudi na kubeba mahindi pia.

Baba Kimani hakumaliza mwaka katika nyumba hii.

Kwa hiyo fikiri. Mtoto anarudi, na nyumba anayoirudia hajawahi kuiona. Hajui mlango unatazama wapi, hajui maji tunateka wapi. Baba aliyemwacha ameketi nje akinoa panga hatamkuta. Kinachoniogopesha tangu Jumatatu ni hicho tu: kwamba Kimani atasimama pale mlangoni kwa mamake apige hodi kama mgeni. Humu ndani kuna kitu kimoja anachokijua, nacho ni kabati. Nalo limekuwa jeusi kwa moshi mpaka ungedhani lilitengenezwa kwa makaa.

Nikasema basi, nitalipaka rangi. Akiingia liwe la kwanza kumchekea.

Duka siliwezi, lakini nina Wairimu. Huyo ni dada yake Kimani anayemfuata, na ni mwalimu huko Thika, naandika hivyo tena: mwalimu. Msichana wa kwanza wa kijiji hiki kusimama mbele ya ubao. Shule imefungwa, kwa hiyo nilipomtumia neno alikuja Jumatatu hiyo hiyo jioni na makopo kwenye kiondo. Kuna mzee mmoja Mluhya anayesali naye kule Thika, kazi yake ni kupaka rangi nyumba za wafanyakazi wa viwandani, naye alimwachia mabaki ya chini ya makopo: nyeupe, na manjano kidogo. Tukachanganya, tukazimua kwa mafuta ya taa, ikatoka rangi kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana. Brashi hatukuwa nayo. Nikakata kipande cha mkonge, nikaponda ncha kwa jiwe mpaka ikawa nywele.

"Maitu, tulioshe kwanza," Wairimu akasema. "Rangi haishiki kwenye masizi."

Nikamwambia mimi nimepaka nyumba chokaa kabla yeye hajazaliwa. Nikapangusa kwa kitambaa kikavu, Jumanne tukapaka. Siku hiyo yote nilitembea nikilitazama.

Mama Njoroge alichungulia. Ni jirani yangu, kutoka ukuta wake hadi wangu unaweza kumpa mtu kijiko bila kutoka nje.

"Nyina wa Kimani, unamngoja mwanao ama unamngoja gavana?"

"Gavana hana kabati lililotengenezwa na mwanangu."

"Haiya! Basi usilipake mno, asije akaliomba."

Tukacheka. Huyo mwanamke ananitania tangu Jumatatu na ninamwacha. Mwanawe Njoroge alichukuliwa huko huko Nairobi siku moja na Kimani, lori moja. Karani alisoma majina mpaka mwisho akakunja karatasi, na Mama Njoroge akabaki amesimama pale kana kwamba kuna ukurasa mwingine.

Sasa, rangi haikukauka. Jumanne ikalala ikinata, Jumatano ikaamka ikinata. Wapi jua? Nikatia kidole, kikaacha alama. Nayo Jumamosi hainingojei. Wairimu alikuwa ameenda kwa baba yake mdogo, sikuwa na wa kunishika mkono. Nikaitoa milango miwili kwenye bawaba na nikaipandisha itarani.

Usinicheke, shajara. Itara ni ule uchaga wa juu ya moto, na kila kitu nilichotaka kikauke maishani mwangu nimekiweka pale. Kuni za mvua ziko pale. Mbegu za mahindi ziko pale. Hata Biblia ya marehemu ilipolowa siku tuliyohama, ilikauka pale na inasomeka mpaka leo. Nikachochea moto vizuri, nikafurahi kwamba nina akili.

Leo asubuhi nikaishusha.

Ngai wangu. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa na uji. Penye kunata, masizi yote ya jikoni yalikuja kukaa. Hata mdudu mmoja alikuwa amekwama katikati, mabawa wazi. Wairimu akatazama juu itarani, akatazama milango, akanitazama mimi.

"Maitu, hii ni rangi. Si kuni."

Nilitaka kumkaripia. Badala yake nikaketi. Kwenye kopo kulikuwa kumebaki kidogo cha kupaka kigoda, si milango. Nikaona tayari Kimani amesimama mlangoni, anatazama ule uchafu, anauliza ni nyumba ya nani.

Wairimu hakunicheka. Mtoto niliyemlea. Akatia maji motoni, akachukua magadi yale tunayotia kwenye maharagwe, akayeyusha konzi nzima, akaanza kusugua mlango mmoja. Nami nikavunja chupa, nikachukua kipande nikaanza kukwangua mwingine. Rangi ya juzi ikatoka kama utando wa maziwa. Chini yake likaja tabaka la masizi yenye mafuta, miaka ya moshi wangu mwenyewe, na maji yakatiririka meusi kama chai ya rangi iliyolala. Tukamwaga, tukaweka mengine.

Halafu Wairimu akaacha kusugua.

"Maitu, ni buluu."

Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimemwambia Jumatatu, nikaapa, kwamba kabati hili tangu lizaliwe lilikuwa la kahawia. Nikasogea nione. Chini ya kiganja chake palikuwa na buluu. Buluu hafifu, kama mbingu ya Januari asubuhi. Nikasugua wa kwangu, nao buluu. Kwenye pembe unaona mahali alipopitisha brashi mara ya pili, rangi ni nzito kidogo, mkono wa mtu anayejali pembe.

Mwanangu alilipaka buluu, nami nilikuwa nimesahau.

Nilikaa nikitazama, nikingoja ile siku inirudie: alipoileta hiyo rangi, aliitoa wapi, alikuwa amevaa nini, nilimwambia nini. Haikurudi. Nikajaribu kitu chepesi zaidi, sauti yake anapoitika nikimwita kutoka shambani. Nayo haikuja. Nilikuwa nimejaa hofu kwamba yeye hatanijua mimi wala nyumba yangu. Sikuwahi kujiuliza kama mimi nitamjua yeye.

Mimi mamake.

Hapo ndipo nililia, mikono ikiwa ndani ya maji ya magadi, siwezi hata kujipangusa. Wairimu alinipangusa kwa pindo la nguo yake kama mimi ndimi mtoto. Akasema yeye anakumbuka sauti. Alikuwa bado mdogo kaka yake alipoondoka nyumbani, lakini anakumbuka: Kimani akiitwa alikuwa haitiki upesi, anapiga mluzi kwanza, halafu anasema "Ĩĩ maitu" kwa kuvuta, kama mtu aliyeinuliwa kutoka usingizini. Akaniigizia. Nikasikia kidogo, kama mtu akisema ng'ambo ya mto.

Mama Njoroge aliingia akatukuta hivyo. Nadhani alikuja kutania, maana mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akaufunga. Akachutama mbele ya mlango, akapitisha kidole kwenye ile pembe yenye rangi nzito.

"Huu ni mkono wake?"

"Ni wake."

"Sasa wewe ulitaka kuufunika?"

Akatoka bila kuaga. Nikadhani nimemuudhi, kumbe amekwenda kwake kuchukua kibuyu cha mafuta ya mbarika. Tukaipaka ile milango mafuta, sisi watatu, kwa vitambaa, polepole, mpaka buluu ikafunguka. Ina mikwaruzo niliyoifanya kwa chupa, na mahali pawili mbao zimeonekana. Haidhuru. Fremu ni ya maziwa, milango ni ya buluu. Wairimu anasema huko Thika mtu angelipa pesa afanyiwe hivyo, na mimi namwamini kwa sababu ni mwalimu.

Tulipomaliza, Mama Njoroge akainua lile kopo, akalitikisa karibu na sikio.

"Hii iliyobaki unaifanyia nini?"

"Sijui. Ni ya kigoda tu."

"Nami nina kigoda," akasema. "Cha Njoroge. Miguu ni mizima, kimechakaa tu juu."

Nikampa kopo. Nikampa na brashi ya mkonge. Nikamwambia akisugue kwanza kwa magadi, asinifuate mimi, na asithubutu kukiweka itarani. Akacheka mpaka akakohoa, akaondoka amelikumbatia lile kopo kifuani kama yai.

Namsikia sasa hivi upande wa pili wa ukuta. Anasugua.

Mchana huu shemeji Mbugua, mdogo wa marehemu, ametuma neno. Amepanga kila kitu bila kuniuliza, ndivyo alivyo na simlaumu, ni mkubwa wa nyumba sasa. Anasema Jumamosi ukoo wote uwe kwa chifu, tumsindikize Kimani mpaka hapa kwa nyimbo, mbuzi achinjwe, mwalimu wa kanisa aombe, wazee waseme yao. Siku nyingine yoyote ningekuwa wa kwanza kufunga leso kiunoni. Mwanangu anastahili nyimbo. Anastahili mbuzi wawili.

Lakini nimekaa hapa mlangoni nikifikiri. Watu wakijaa humu ndani, nani ataona kabati? Na kelele ikiwa nyingi, mimi nitaijuaje sauti yake? Nataka aingie nyuma yangu, kimya, manyunyu yakinyesha kama yatakavyo. Nataka akae. Nitampa uji kwenye kikombe nitakachokitoa mle mle nyuma ya milango ya buluu, akiona aone, asipoona asione. Halafu nitatoka nje kidogo, nitasimama kwenye yale mahindi machache ya nyuma ya nyumba, nitamwita jina lake, nione anavyoitika.

Shemeji atakasirika, atasema mjane amekuwa na kichwa kigumu. Aseme. Wairimu anavaa viatu sasa aende kumpelekea jibu langu, nami nimemwambia alirudie neno kwa neno, kwa heshima, bila kupunguza: Jumamosi tutakwenda kwa chifu mimi na Wairimu peke yetu. Mbuzi na nyimbo na maombi, na ukoo wote, na Mama Njoroge mbele kabisa, wote waje Jumapili, kanisa likitoka.