Mama, Picha ya Rukia Imeingia Sinema

Mama yangu,

Nimeanza kwa kukuombea, kisha nikafunga mlango wa jikoni na kukaa kuandika. Mahamri ya leo yameisha mapema. Waliochelewa wamerudi na vibakuli vitupu, watanisamehe. Nina habari ambayo nikiiweka kifuani mpaka kesho nitapasuka.

Sinema ile mpya ya mjini, iliyo ghorofani juu ya maduka, imeingiza picha nne wiki hii. Nilikwenda mwenyewe, na kikapu changu cha sokoni mkononi, nikasimama mbele ya ubao wao nikasoma kama mtoto wa chuoni. Ya kwanza ni ya Wamarekani, magari yanaruka kutoka jumba moja hadi jingine. Ya pili ni ya Kihindi, ndefu, ina nyimbo na mama mkwe mkorofi, hiyo ungeipenda. Ya tatu ni ya mizuka, Mungu atuepushe. Na ya nne, Mama, chini yake pameandikwa jina la mjukuu wako. Rukia wetu, ambaye ulikuwa ukimfukuza jikoni kwa kuwa hajui hata kukuna nazi, ametengeneza picha na imeingia sinema. Nilimshika mkono mwanamke aliyekuwa akijipitia zake, nikamwonyesha kwa kidole: "Huyu n'memzaa mimi!" Maskini, akanipongeza, kisha akakaza mwendo.

Na picha yenyewe ni juu yako.

Najua ungesema nini. "Juu yangu? Kwani mimi n'na nini?" Una nini? Haya, ngoja nikukumbushe.

Enzi hizo sinema ya zamani ilikuwa na onyesho la wanawake, mara moja kwa wiki, mchana, mwanamume haingii hata awe nani. Baba alikuwa akikuruhusu, lakini wake wa majirani wengi hawakuruhusiwa. Basi ulikuwa ukienda na Shirinbai, mke wa muuza bizari wa pale kona, yeye akikunong'oneza tafsiri ya Kihindi sikioni tangu mwanzo mpaka taa ziwashwe. Ukirudi, ua wetu umejaa wanawake wanaokungoja na ukili wao na watoto wao wachanga. Hata buibui hujavua. Unakaa juu ya kitanda cha kamba, unasema, "Haya, n'sikizani," na picha inaanza upya. Ulikuwa stelingi, ukawa adui, ukawa mvua na radi, ukaimba nyimbo zote na maneno huyajui. Mimi nilikuwa nimekulalia pajani. Nilikua nikidhani sinema ni kitu kinachotoka kinywani mwako.

Tatizo lako ulikuwa huvumilii mwisho mbaya. Unamkumbuka Bi Mwanatumu alivyombembeleza mumewe mpaka akampa ruhusa, akaenda kuitazama ile picha uliyomsimulia, ya mjane aliyeolewa tena akafungua duka la nguo? Alirudi amefura. Mjane wa watu alikuwa amejitosa mtoni! Akasimama mlangoni kwetu akipiga kelele kwamba umemdanganya mchana kweupe. Wewe ulikuwa ukichagua mchele, wala hukuinua uso. "Yale ya mtoni n'liyaona," ukasema. "Sikuyapenda, n'kayawata huko huko mtoni."

Mwaka wako wa mwisho, ulipokuwa huwezi tena kushuka ngazi, Rukia akawa anakuja na simu yake na kale kadude ka kunasia sauti, anakaa kitandani kwako. Mimi nilidhani anakushughulisha tu usahau maumivu. Kumbe mwenzangu anafanya kazi. Amewapiga picha wanawake wa Mji wa Kale wakisuka, wakipika, wakishuka vichochoro jua la saa tisa, na juu ya hayo yote ameweka sauti yako ikisimulia picha moja kutoka mwanzo. Hakuna muziki mwingine. Ni wewe tu.

Alipokuja kutuomba ruhusa, mimi na kaka yangu Athmani, hata kaburi lako lilikuwa halijakauka vizuri. Nikakataa. Athmani naye akakataa, na unamjua, hapayuki ovyo. Alisema, "Mama alikuwa, mwanamume akibisha hodi, akijibu kwa kugonga mlango kwa ndani, sauti yake isisikike. Leo tukamtie kwenye spika asikizwe na kila apitaye?" Ulikuwa hivyo kweli. Wauza samaki walikuwa wakijua ukigonga mara moja unataka samaki aina ya changu, ukigonga sana hutaki kitu. Rukia alilia mpaka uso ukavimba. Akasema bila wewe hana picha, ana vipande vya vichochoro tu. Nikamwambia basi na asiwe nayo. Nilikuwa nakulinda, Mama. Ulikuwa umeniachia stara yako, nami niliona hiyo ndiyo amana ya mwisho.

Kisha ikafika siku ya kugawa nguo zako. Nilikuwa nikizikunja peke yangu, leso hizi za fulani, buibui lile la fulani, nikafika kwenye mtandio wako wa zambarau, ule wa arusi na Idi. Nikabaki nao mkononi. Nikakumbuka siku ya kwanza Rukia alipokuja na kadude kake. Ulimuuliza, "Hii yaenda wapi?" Akakujibu, "Kwa watu, Nyanya. Wote, wanawake na wanaume." Ukaniita mimi nikuletee mtandio wa zambarau. Nilicheka, Mama. Nikakwambia ni sauti tu, hakuna atakayekuona. Ukanitazama kama uliyemzaa mjinga. "Hawanioni, najua. Lakini naenda kuzungumza na watu." Ukajitanda vizuri, ukaficha nywele zote, ukakohoa, ukaanza.

Nililia hapo sakafuni hata sikusikia adhana. Athmani alipokuja nilimwekea mtandio mapajani nikamweleza. Aliukunja, akaukunjua. Kisha akaanza kucheka, yule kaka yangu asiyecheka, na machozi yanamtoka. "Kumbe alijitayarisha," akasema. "Sisi ni nani tena?" Akaweka sharti moja tu, kwamba onyesho la kwanza liwe la wanawake peke yao, kama zamani.

Meneja wa sinema ni kijana mpole mwenye tai. Lakini alimwambia Rukia wazi: Jumamosi mchana ukumbi usipojaa, picha inatoka, na nafasi yake wanapewa Wamarekani na magari yao. Rukia akarudi amenywea. Nikamwambia aniachie mimi. Nikavaa viatu vyangu vya kutembelea, nikaalika nyumba kwa nyumba kama tunavyoalika arusi. Nilipanda ngazi za watu, nikanywa kahawa zao, nikataja saa na mahali. Nilifika mpaka Tononoka kwa wale waliohama Mji wa Kale. Kila mmoja alitaja jina lako: "Inshallah, kwa Bi Zubeda tutakuja."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lingeweza kumuua mwanangu kwa presha. Jumamosi, saa ya kuanza ikafika. Ukumbini tupo mimi, Rukia na mfagiaji. Viti vyekundu vimetukodolea macho. Meneja anaangalia saa yake, anaangalia mlango, anaangalia saa. Rukia ameshika ukuta. Nami nikajua nimefanya nini. Mama, niliwaalika kama arusi! Wewe umepata kumuona nani akifika arusini saa aliyoambiwa?

Meneja akasema samahani sana, itabidi wafunge. Nikamwomba asubiri kidogo, nikamwambia, mwanangu, huwajui wanawake hawa. Akasema biashara ni biashara. Tulikuwa bado tunabishana tuliposikia harufu. Harufu ya udi, Mama, ilipanda ngazi kabla yao. Kisha vishindo, kisha vicheko. Wakaingia wote kwa pamoja, dhahabu masikioni, asumini vichwani, hina mbichi, wengine na sinia za sambusa na kaimati zimefunikwa vitambaa, kwa sababu nani aende shughulini mikono mitupu? Mfagiaji aliacha ufagio. Viti vilijaa, na waliokosa wakatandika leso kwenye vidato vya ngazi ya ukumbini. Shirinbai aliletwa na tuktuk kutoka kwake, akapandishwa na wajukuu wawili, na alipofika tu akamwonyesha meneja mlango kwa mkongojo: "Leo yenu wanaume hakuna. Toka, baba, Mungu akupe kheri." Akatoka na tai yake, na sinia ya sambusa tukampa.

Taa zikazimwa. Ukatokea ua wetu, mtupu, jua limeupiga. Kisha nikasikia ukikohoa, na "Haya, n'sikizani."

Sijui nikwambieje. Ukumbi mzima ulikugeukia, hata watoto. Halafu mmoja akaitika, "Twakusikiza!" na wengine wakaitika nyuma yake, na tangu hapo hawakufunga midomo. Wewe unasimulia, wao wanakujibu. Ukimtaja adui wanamlaani. Ukiimba wanakusaidia, na maneno hawayajui vilevile. Shirinbai akainuka gizani, "Zubeda mwongo wewe! Mimi sikukwambia hivyo!" na watu wakacheka mpaka wakashikana. Nilimtazama Rukia. Alikuwa amekaa kwenye kidato, hatazami picha yake, anawatazama wao, mdomo wazi. Nikasema moyoni, huyu mtoto amewarudishia watu mtu wao. Nilijivuna, Mama. Najua hukunifundisha hivyo, lakini nilijivuna mpaka mbavu zikauma.

Unakumbuka kisa ulichomsimulia Rukia kilikatika. Ulichoka siku ile, msichana wa kwenye picha amesimama kizingitini, baba yake nyuma, mchumba wake mbele, ukasema, "Hapa tupumzike." Siku ya pili yake sauti ilikuwa imekwisha kukuacha, imebaki pumzi tu. Rukia hakutia mwisho wa kubuni. Aliliacha neno lako hilo, kisha likaja jina lako kwa herufi kubwa, peke yake kwenye giza, kisha taa zikawaka.

Na hakuna aliyeondoka. Wamesimama na buibui zao, sinia mkononi, wanabishana. Huyu anasema msichana alirudi kwa babake, huyu anasema aliondoka na mchumba, Bi Mwanatumu anaapa kwamba aliwaacha wote wawili akaenda kusoma. Mpaka ngazini wanabishana. Mpaka barabarani. Watu wa magari yanayoruka walikuwa wamejipanga nje wakingoja zamu yao, wakawa wanauliza hii ni picha gani. Meneja amekuja kwa Rukia na makombo ya sambusa kwenye tai. Picha inabaki. Kuanzia kesho wanaingia wote, na Athmani ameshanunua tiketi.

Tangu jana wananisimamisha njiani. Mwanaisha, wewe ni mwanawe, mwisho ulikuwa vipi? Rukia naye ameniuliza, nikamwambia sijui.

Nimemdanganya. Asubuhi ile ya mwisho nilipokuwa nakulisha uji, ulinivuta kwa ukosi wa dera, ukanimalizia kisa sikioni kwa ile pumzi, neno kwa neno, mpaka ukafika alikokwenda yule msichana. Kisha ukafumba macho. Hukujitanda mtandio asubuhi ile, Mama. Nywele zako zilikuwa wazi, nyeupe zote, nami nilikuwa nimezichana muda si mrefu.

Kwa hiyo lala, mama yangu mzazi, Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Sauti yako nimewapa watu, kwa kuwa uliwavalia mtandio. Huo mwisho nakuahidi sitampa mtu. Ulinisimulia mimi.

Mwanao,
Mwanaisha