Skana Haikuoni, Mama

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kukusemesha bila kukuamkia. Ungekuwa wa kwanza kuniuliza nimelelewa na nani.

Ibada ya kukukumbuka tuliifanya Jumapili iliyopita, na picha yako haikuwepo. Pale mbele kanisani, mahali ambapo ungetuangalia, paliwekwa chupa ya maua ya plastiki. Shangazi Kokushubila alitoka Kaisho na wenzake, wote wamevaa vitenge vya sare, na tangu alipoiona ile chupa hajanisemesha. Ana haki. Kazi ya picha nilipewa mimi. Mimi mwenye steshenari pale senta Nyaishozi, mimi ninayewaskania watu wote vyeti na vitambulisho vyao, nimeshindwa kumskani mama yangu mzazi. Nakuandikia nikueleze ilivyokuwa, maana hakuna mwingine ninayeweza kumwambia.

Wewe na picha hamkupatana kabisa. Mtu akitoa simu tu, unageuka na kujifunika kanga. "Mzee anapigwa picha ya nini, anaolewa?" Basi tukabaki na ile moja ya ukutani, ya siku ya kipaimara changu, umesimama na gauni lako la busuti, lile la zambarau, umenishika bega kama mtu aliyemkamata mwizi. Picha za msibani zipo tele. Kuna jeneza, kuna mashada, kuna sisi na macho yaliyovimba. Wewe humo hata katika moja.

Na kuna hili, Mama, sijui niliseme vipi. Nimeanza kuusahau uso wako. Sauti yako ninayo. Mikono yako ninayo, hata ule ukucha uliopondwa na mchi. Lakini uso nikiuita unakuja kidogo halafu unaondoka. Shangazi aliitaka picha kwa ajili ya ibada. Mimi niliitaka kwa sababu hiyo.

Baba hakukataa kuitoa. Alisema tu, "Mchukue, lakini Jumamosi awe amerudi nyumbani." Nikaona ni mambo ya uzee na upweke, nikakubali.

Ningeweza kuipiga kwa simu tukamaliza. Nilijaribu, ikatoka na mwanga wa dirisha juu ya kichwa chako, nikaifuta. Nikajiambia kupiga picha ya picha kwa simu ni kazi ya wavivu, mimi nina skana. Unanijua nikianza kujiona fundi.

Wiki ya kwanza kompyuta ilikataa katakata kuiona skana. Nikachomoa waya, nikauhamishia tundu la nyuma kwa sababu la mbele limelegea, nikazima vyote, nikawasha skana kwanza ndipo kompyuta. Ikaiona. Nikakulaza kwenye kioo, nikabonyeza kitufe cha kuangalia kabla ya kuskani, na wewe ukatokea. Mzima, Mama. Mwanya wako, lile kovu kwenye nyusi, na yale macho ya kutaka kujua nani kamaliza maziwa. Nilicheka kwa sauti, mteja wa fotokopi akanishangaa. Kisha nikabonyeza skani yenyewe, kompyuta ikaganda. Nikaingoja, ikagoma, nikaizima kwa nguvu, nawe ukapotea. Kumbe diski ilikuwa imejaa mafaili ya watu mpaka pomoni. Nilipomaliza kufuta, umeme ukakatika, na haukurudi hadi siku ya kukurudisha nyumbani. Sikuona neno, kwani ungekuja tena Jumatatu.

Wiki iliyofuata ukatoka na mstari mweusi kutoka juu hadi chini. Hilo halinisumbui, ni uchafu tu kwenye kioo, na vumbi la barabara yetu unalijua. Nikafuta kwa kitambaa laini na spiriti kidogo, mstari ukaisha. Lakini usoni pako palikuwa na kitu kama ukungu. Busuti safi, mkono safi, mimi nimetoka vizuri na gauni langu la kuazima, wewe usoni una ukungu. Nikasema mfuniko haufungi vizuri, mwanga unaingia pembeni, nikaukandamiza kwa vitabu vizito. Ukungu ukabaki palepale.

Wiki iliyofuata ukazidi. Nikaondoa draiva, ile programu ya kuiendesha skana, nikaiweka upya. Nikapandisha ubora, nikapunguza mwangaza, nikaongeza kiza, nikakuweka wima, nikakulaza ubavu. Mwalimu mmoja akanirudishia cheti nilichomskania baada yako kwa sababu kilikuwa na doa la ajabu katikati. Nikafuta kioo, cheti kikatoka safi kama kipya. Nikakurudisha wewe, ukungu ukarudi na wewe. Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikampigia fundi wa Kayanga, akasema taa ya skana imechoka, inakufa taratibu. Nikamwamini. Nilikuwa naikasirikia ile mashine, nikaigonga kwa kiganja kama ulivyokuwa unaigonga redio.

Utaniuliza kwa nini sikuitazama picha yenyewe. Niliitazama, Mama. Kila siku. Nikiishika mkononi nilikuona. Uliniangalia na mwanya wako na macho yako. Ulikuwa umefifia, ndiyo, lakini nani hajafifia katika picha ya miaka hiyo, na ule moshi wa jikoni kwetu? Sasa naelewa. Macho yangu yalikuwa yanajua kilichokuwepo, yakajaza yenyewe. Skana haikujui. Ilileta kilichopo.

Jumapili moja, zikiwa zimebaki wiki chache ibada ifike, nilikwenda nyumbani mapema kumchukua Baba twende kanisani pamoja. Nilimkuta sebuleni amekaa kwenye kigoda chako, ameshavaa koti. Picha ilikuwa imetolewa kwenye fremu, iko mapajani mwake juu ya taulo. Pembeni kuna kibakuli cha samli. Alichovya kidole gumba, akakupaka usoni, polepole, anazungusha, paji la uso, mashavu, kidevu. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Ngoja nimmalize mama yako. Kengele bado."

Nilishika mlango, Mama.

Maana ilikuwa kazi yako. Kila Jumapili tulipangwa mstari pale uani, kipupwe kimetupausha, unatushika kidevu na kutupaka mmoja mmoja mpaka tunang'aa, tunanuka maziwa hadi kanisani. "Hapa hatoki mtu kwenda kwa Mungu amepauka kama mwiko." Na Baba alikuwa wa mwisho. Mzee mzima anakunja suruali, ananyoosha miguu, unampaka huku unamsema kwa ajili ya ng'ombe. Ulipoondoka hakuna aliyempaka. Hata mimi sikufikiria. Yeye akafikiria kukupaka wewe, Jumapili hadi Jumapili.

Na macho yake, unajua yalivyo. Ule ukungu uliokuwa wa jicho moja sasa umeshika yote mawili. Hospitali hataki kusikia. Aliinua picha akaisogeza karibu na dirisha, akakuangalia, akatabasamu. "Umemwona alivyopendeza?" Nikaangalia. Kwa mara ya kwanza nikaangalia kama skana inavyoangalia. Palikuwa na busuti ya zambarau, juu yake shingo, juu ya shingo doa jeupe linalong'aa kwa mafuta. Pembeni nimesimama mimi, mtoto mwenye uso kamili, ninacheka. Mimi hakunipaka.

Nikasema, "Amependeza, Baba." Tukaenda kanisani.

Jumatatu yake niliipekua kompyuta nzima. Nilitafuta ile skani ya kwanza katika takataka, katika mafaili ya muda, katika kila kona ninayoijua. Fundi wa Kayanga akaja na programu yake ya kurudisha vilivyofutwa. Ikarudisha wasifu wa watu, barua za kuomba kazi, kadi za harusi za watu walioshaachana. Wewe hukurudi. Alinieleza kwa upole kwamba kitu ambacho hakikuhifadhiwa hakina pa kurudishwa kutoka. Nilijua. Ndivyo ninavyowaambia wateja wangu.

Kwenye kikao cha maandalizi, Shangazi aliniuliza picha iko wapi. Baba alikuwa amekaa pale pale, mikono juu ya fimbo. Nikasema skana imeharibika. Shangazi akasema, mbele ya wote, "Tumekusomesha mpaka kompyuta, unashindwa na kimashine?" Nikasema ndiyo, nimeshindwa. Akasema basi tuipeleke hivyo hivyo ilivyo, na fremu yake. Nikasema haitaonekana kwa watu wa nyuma. Nikabishana naye kama mtu asiye na adabu, mpaka akasusa. Afadhali aniseme mimi Kaisho nzima kuliko asimame kanisani aseme kwa sauti yake ile, Baba akisikia, uso wa marehemu uko wapi.

Baba aliketi ibada nzima akiwa na amani. Kwake wewe uko nyumbani, umepakwa, unamsubiri.

Skana inafanya kazi vizuri, Mama. Haina ugonjwa wowote. Juzi nimeskani hati ya mzee mmoja, kila herufi imetoka. Nikifunika mfuniko ule mwanga unapita, nami nageuka nisitazame. Uso wako sasa ninao kidogo sana. Naona mwanya. Kovu la nyusi nalijua kwa maneno tu, sijui tena lilikuwa upande gani, na siwezi kumuuliza Baba bila kumfanya aangalie vizuri. Sioni namna ya kulitengeneza hili. Nimezoea kuzima na kuwasha.

Lala, Mama. Mimi nakuaga hapa, kwa sababu picha sitaichukua tena. Nakuahidi sitamwambia Baba. Anakuona, na katika nyumba nzima amebaki yeye peke yake anayekuona. Jana alisema samli imekaribia kuisha. Nimeshamwagizia nyingine, itafika kabla ya Jumapili.

Mwanao,
Adela