Nilimpaka Mbwa Wetu Pilipili, Sasa Anahukumiwa Yeye

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nakuomba unisaidie na tafadhali usinicheke, maana hadi sasa nimeshachana karatasi mbili. Nimemaliza shule mwaka huu, nasubiri matokeo, na ni mtu wa aibu sana, wageni wakija mimi hupitia mlango wa jikoni, na nililolifanya hakuna anayelijua nyumbani isipokuwa mimi na mbwa wawili.

Baba ni mlinzi kwenye ghala la mbao, na mama ni fundi cherehani, anashonea sebuleni. Baba ana mbwa wake wa kazi anayeitwa Sajini, wamelinda pamoja miaka sita, na safari hii Sajini alizaa watoto wanne, watatu wakachukuliwa wiki iliyopita, akabaki mmoja ambaye mama alimwita Kifungo kwa sababu ana doa jeusi la duara tumboni. Mwalimu wangu wa zamani amemwomba, na mama akaniambia, "Hiyo kazi nakuachia wewe, hakikisha ameacha kunyonya kabla hajaondoka," nami nikafurahi kwa sababu sijawahi kukabidhiwa jambo kubwa. Lakini Kifungo ana wiki tisa na bado alikuwa anamfukuzia mama yake kila kona, meno yake ni kama pini, na Sajini akawa anaanza kumkoromea, mimi nikadhani anamchukia.

Siku hiyo alikuja mteja wa mama, mwenye duka la viatu, kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake, nami nilikuwa pembeni nafumua pindo, akaanza kusimulia alivyomwachisha kitindamimba wake kunyonya. "Pilipili, shoga yangu! Nilipaka kidogo tu. Alinyonya mara moja, akaniangalia kama nimemwibia. Kesho yake anadai uji mwenyewe!" Mama akacheka mpaka akasimamisha cherehani, akasema, "Ebu nyamaza, nitakushonea mkono kisogoni!"

Wao walicheka, mshauri, mimi nikaenda jikoni. Nilitwanga pilipili nne, nikachanganya na mafuta ya kupikia ili zishike vizuri, nikamfuata Sajini nyuma ya nyumba, na aliponiona akalala chali akaniachia tumbo lote kwa sababu ananiamini, nikampaka kila chuchu, hata zile zilizokuwa na mikwaruzo ya meno na kucha za Kifungo, wala sikufikiria mikwaruzo. Kifungo akaja mbio akanyonya. Sijawahi kusikia kiumbe mdogo hivyo akipiga kelele kubwa hivyo. Sajini naye akajilamba, akaruka, akazunguka kama anafukuzwa na nyuki, Kifungo akamfuata tena, Sajini akamng'ata sikio likatoka damu. Mama akatoka mbio na lile gauni mkononi ili awaamue, Sajini akalidaka akalipasua kuanzia kiunoni hadi chini. Baba aliyekuwa amelala baada ya zamu akatoka na fulana, na mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na kibakuli nyuma ya mgongo.

Baba akasema, "Mbwa anayemng'ata mwanawe siendi naye kazini. Huyu kichwa chake kimeharibika." Sajini sasa amefungwa mnyororo, na daktari wa mifugo ataitwa mwisho wa mwezi huu amdunge sindano ya kummaliza. Baba anarudi kazini asubuhi peke yake, anakaa kwenye ngazi na viatu vyake bila kuvifungua kamba.

Na kuna jambo jingine limeniogofya kupita yote. Juzi nilimfungua Sajini kidogo, alikuwa ametoka tu kula, akamwendea Kifungo, nikashtuka nikidhani anammaliza, kumbe akainama akatapika mbele yake, na Kifungo akala yale matapishi yote huku akitingisha mkia! Nilikimbilia bafuni nikajifungia. Je, ile pilipili imemuunguza tumbo, anakufa? Au kweli ana wazimu? Na nikimwambia baba, je, atanitazama tena? Nimejaribu mara tatu, nikifika mbele yake nauliza kama anataka chai.

Ni mimi,
Mwenye Kibakuli

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, Mwenye Kibakuli. Barua yako nimeitanguliza mbele ya ndoa tatu na ugomvi wa uzio, kwa sababu hao wanaweza kusubiri wiki moja na Sajini hawezi.

Pilipili, binti! Nne! Kwa mafuta! Niliiweka barua mezani, nikanywa maji, ndipo nikaendelea. Mnyama amekulalia chali, nawe ukamwashia moto tumboni. Sikufichi, umekosea vibaya, na mteja wa mama yako alikuwa anasimulia habari za mtoto wake, si za mbwa. Lakini hukufanya kwa ukatili. Ulipewa kazi ukaona aibu kuuliza inafanywaje.

Sasa sikiliza nililoambiwa na daktari wa mifugo niliyempigia simu kwa ajili yako. Sajini hakuwa akimchukia mwanawe. Meno yakishaota mama huumia, hukoroma, huinuka, huondoka. Ndivyo anavyomwachisha kunyonya, na alikuwa ameanza mwenyewe kabla hujaingia jikoni. Yale matapishi yaliyokukimbiza bafuni ni chakula alichomtafunia mtoto, kikiwa laini na cha moto. Mbwa wengi hufanya hivyo. Mama amefungwa mnyororo, ameunguzwa, ameitwa mwendawazimu, na alipopata nafasi ya kwanza alikwenda kumlisha mwanawe. Wewe uliona wazimu. Mimi nimesoma sentensi hiyo nikairudia mara tatu.

Kifungo mpe chakula laini kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, kwenye sahani ya kina kifupi, mara nne kwa siku, na maji safi kando. Maziwa ya ng'ombe usimjaze, yatamharisha. Sajini mwekee mahali pa juu, hata meza kuukuu, ambapo atapanda na mtoto asimfikie. Watenganishe saa chache mchana, kisha warudishe pamoja, na saa hizo uziongeze siku hadi siku. Mwalimu wako atasubiri mpaka Kifungo amekula mwenyewe wiki nzima, mwalimu anajua kusubiri. Chuchu za Sajini zioshe kwa sabuni isiyo kali na maji ya uvuguvugu, na ukiona wekundu au kidonda, daktari aitwe leo. Aitwe kutibu, na aambiwe kila kitu, pamoja na kung'ata, ili amkague yeye na lile sikio la Kifungo.

Lile gauni mwambie mama yako pia. Kaa naye mlishone upya, umesema unajua kufumua.

Tumebaki na baba. Unaniuliza kama atakutazama tena. Mtu anayekaa kwenye ngazi na viatu miguuni anaamini kwamba rafiki yake wa miaka sita ameharibika kichwa, na wewe peke yako una habari njema ya kumpa. Atafoka, ndiyo. Mwache afoke. Lakini usimpe gazeti hili asome, wala usimtume mama. Sajini hana sauti ya kujitetea, na wewe unayo, hata kama inatetemeka.

Kesho asubuhi akikaa kwenye ngazi, usiulize habari za chai. Simama mbele yake na kibakuli mkononi, mahali anapokiona, useme: "Baba, ni mimi niliyempaka pilipili." Ni maneno matano tu, nimeyahesabu. Yakishatoka, mwombe ruhusa uende ukamfungue Sajini mwenyewe.