Ratiba ya Wakio na Zamu ya Maji

Jumamosi, 5 Oktoba 1974

Na bado ameibandika ukutani, tena kwa uji wangu, kama picha ya harusi.

Ratiba, anasema. Mwalimu amewafundisha kupanga wakati. Basi Wakio, mjukuu wangu, ameshinda tangu alfajiri akipiga mistari kwa rula na kupaka rangi. Hesabu buluu, historia nyekundu. Ratiba imependeza, kitabu hata kimoja hakijafunguliwa.

Asubuhi ilikuwa zamu yetu ya mfereji. Nikamtuma akayafungulie maharagwe maji. Jibu lake: "Nyanya, maji nimeyapanga saa kumi."

Saa kumi! Mfereji ni wa ukoo mzima, kila nyumba na wakati wake. Alipofika, maji yalikuwa yameshahamia kwa jirani yetu Mwadime. Mwadime akamcheka: "Rudi nyumbani, mama. Au uyaonyeshe maji hiyo karatasi yako, labda yatakufuata."

Tangu niolewe hapa sijakosa zamu. Leo nimechekwa kwa sababu ya rangi za watoto! Na yeye akanuna, akachukua rula tena, eti arekebishe ratiba.

Maharagwe yatavumilia. Mtihani je? Umebaki mwezi mmoja tu, na akianguka atarudi kushika jembe kama mimi. Hilo ndilo linaloniuma.

Nimemnyang'anya rula nikaificha ndani ya gunia la mahindi. Zamu ijayo nitakwenda mimi, na magoti yangu haya mabovu. Yeye asome. Rula ataipata akishafaulu.