Nilishona Kurasa za Kitabu, Lawama Ikamwangukia Mukashyaka

Gisenyi, tarehe 30 Mei 1956

Kwako mshauri wetu wa gazetini,

Salamu nyingi sana, na baada ya salamu nakushika mikono yote miwili, kwa sababu nina furaha ambayo sijapata kuwa nayo tangu nizaliwe, na ndani ya furaha hiyo mna mwiba.

Mimi ni fundi cherehani, Mwislamu, umri wangu miaka arobaini na saba, shule nilisoma miaka mitatu tu, lakini herufi nazipenda kama mwingine anavyopenda tumbako, na kwa hiyo watu wa chama chetu cha kusoma wakanipa ufunguo wa kabati la vitabu, kabati lenyewe liko barazani kwangu, mtu akija kupimwa kanzu anaondoka na kitabu. Basi juma lililopita lori likatuletea sanduku la vitabu vipya kutoka Usumbura, thelathini na kimoja, mshauri, bado vinanuka gundi! Cherehani imelala, mimi nasoma. Kuna cha mpelelezi mwenye mguu mfupi anayemtafuta mwizi wa vifurushi vya posta, hicho ni cha mabaharia wa maboti, wakikishika hata karata wataacha. Kuna cha watoto, kinyonga anayezunguka kumuuliza kila mnyama rangi yake yeye ni ipi, mjukuu wangu amenisomesha mara sita na bado tukifika mwisho analia. Kuna cha magonjwa ya viazi na ng'ombe, mimi sina hata mbuzi lakini nilikimaliza, na sasa mtu wa Mudende, huko kwa wafugaji, akishuka sokoni namuuliza habari za kwato. Kuna cha mama wajawazito na watoto wachanga, kuna mashairi ya kumpelekea mchumba, na kuna cha nyota, humo mna nyota yenye pete, nilipoiona picha nilisema Subhanallah nikaenda kutawadha, hicho nimewawekea wazee, maana mzee ana nafasi ya kutazama juu. Chama kimeniomba, Jumapili ya tarehe 17 Juni, nisimame mbele ya watu niseme kitabu gani kinamfaa nani, mkubwa kwa mdogo. Mimi! Mtu wa miaka mitatu ya shule!

Sasa mwiba. Katika vitabu vya zamani mna hadithi ya mapenzi, karani wa posta na binti wa mwashi. Mimi ni mtu wa sala. Nilipofika ukurasa wa sitini na moja nikakuta mambo, wa sitini na mbili yakazidi, nikawafikiria vijana wetu, nikachukua sindano na uzi mweusi nikazishona karatasi nne pamoja, ukingo wote, mshono mdogo mdogo, safi. Mke wangu Saidati akaniona.

"Baba watoto," akasema, "umejuaje pa kuishia kushona, kama haukusoma yote?" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Basi Mukashyaka, mke wa Hitimana wa maboti, ndiye mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama chetu, na mumewe alimwombea mwaka mzima. Anauza samaki ufukweni, na biashara ikipoa anawasomea wauzaji wenzake, wanamzunguka, mpaka mnunuzi anaambiwa ngoja kwanza, tumalize mlango huu wa hadithi. Akaazima kitabu hicho, akakirudisha, hakuuliza kitu, nadhani alifikiri viko vitabu vinavyotoka kiwandani vimefungwa. Siku chache nyuma mwenyekiti wetu, mzee Bizimana, akaja kukagua kabati kabla vitabu vipya havijaingia humo, akakuta uzi.

"Nani ameshona kitabu ya watu kama gunia ya viazi?" Akafungua daftari la kuazima, jina la mwisho Mukashyaka. "Ni huyu! Mi nilisema. Mwanamuke ukimupa kitabu, ataifanya nguo." Kisha akanigeukia. "We fundi, macho yako inajua sindano. Hii ni mukono ya nani?"

Mshauri, mimi ninayeshona tangu mwaka wa 1931 niliutazama mshono wangu mwenyewe nikasema, "Inaonekana ni mukono ya mutu mwenye anajifunza."

"Bon," akasema, "donc, basi, imekwisha. Siku ya mukutano tutasoma jina yake mbele ya watu, tumutoe, na mwanamuke mwingine haingii tena."

Jana Mukashyaka alipita barazani na kapu lake kichwani, hajui lolote. "Fundi, vitabu mupya imefika? Niwekee moja yenye iko na safari ya mbali, tena munene, hawa wamama wananimalizia kitabu mbio!" Nikasema ndiyo, dada. Nimemwekea, cha mtu aliyevuka nchi ya barafu akivutwa na mbwa. Sasa kila nikisujudu namwona yeye. Nikisema ukweli ufunguo utanitoka, na nani atawaeleza watu uzuri wa vitabu hivi? Tena katika sanduku jipya mna hadithi nyingine ya mapenzi, nzuri kushinda ile ya kwanza, na mimi naitazama sindano nayo inanitazama. Nifanye nini? Nakuomba jina langu usiliandike.

Mwenye ufunguo, Gisenyi

JIBU

Fundi,

Jina lako sikuliandika, lakini hapo Gisenyi mafundi wenye kabati la vitabu barazani ni wangapi? Gazeti litawafikia baada ya mkutano wenu, kwa hiyo jibu hili nimekutangulizia kwa bahasha. Watu watakujua tu. Afadhali wakujue kwa kinywa chako.

Barua yako niliisoma nikicheka, mpaka nilipofika kwenye "mutu mwenye anajifunza", kicheko kikanikauka. Kushona kurasa ni ujinga wa mtu mwenye nia njema, huo tunausamehe. Lakini mwenyekiti alipokuuliza ulijua jibu, ukachagua jingine. Mtu wa sala, unaogopa busu lililo kwenye karatasi, huogopi ushahidi wa uongo? Nenda kamuulize mwalimu wako wa dini ni lipi kati ya hayo mawili lililokatazwa waziwazi.

Unauliza nani atawaeleza watu uzuri wa vitabu. Ndugu yangu, huko ufukweni yuko mwanamke ambaye wateja wanamngojea amalize kusoma ndipo wauziwe samaki. Wewe una kabati. Yeye ana watu.

Fanya hivi. Ukiisha kusoma barua hii, nenda nyumbani kwa Hitimana, uwaambie yeye na mkewe wakiwa pamoja. Mama huyo asije akalisikia jambo hili kwa mara ya kwanza mkutanoni. Akikutukana, nyamaza, ana haki. Kutoka hapo nenda kwa mzee Bizimana na kitabu na mkasi, ufumue mshono mbele ya macho yake. Akifoka mwache afoke, kisha mkumbushe kwa adabu kwamba aliyekifanya kitabu nguo ni mwanamume. Na ufunguo uuweke wewe mwenyewe mezani kwake. Wakikurudishia, shukuru. Wasipokurudishia, utaazima kama wengine.

Hadithi mpya ya mapenzi usiiguse kwa sindano. Iweke rafu ya juu, utie kikaratasi: cha waliokwisha kuoa na kuolewa. Mtoto akikiomba mwambie hapana, kama mzazi, machoni pake. Mtu mzima mwache asome. Tena usiidharau hadithi ya namna hiyo, maana wengi wamekaa nyumba moja miaka ishirini na hawajapata maneno ya kuambiana.

Furaha yako lakini usiiue, imenifikia mpaka huku, nami natamani kukiona hicho cha kinyonga. Ila mgawanyo wako nausahihisha kidogo. Cha nyota wape watoto wa shule kabla ya wazee, ndio watakaoishi kuyaona mengine. Cha watoto wachanga wape akina baba, akina mama mengi wanayajua tayari. Na cha mpelelezi kianzie kwa mwenyekiti wako, kitamfundisha kwamba jina la mwisho katika daftari si ushahidi.

Jumapili, kabla hujasifu kitabu hata kimoja, simama useme: mshono ni wangu. Usieleze sababu, sababu zako zinapendeza masikioni mwako tu. Kisha panga vyote thelathini na kimoja mezani, umwite Mukashyaka achague wa kwanza. Usimwekee, usimpendekezee, usimnyooshee kidole. Kaa chini, fundi, umwache achague.