Begi la Turubai

Kambini, Kilombero
3 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo Mabibo, na mgongo wa mama umetulia. Mimi mzima, ni mbu tu wanaotusumbua huku mtoni. Barua hii nampa Marijani, dereva wa kambi, akija Dar kuchukua mahitaji ataiacha bandani kwako. Simu huku hazishiki.

Baba, msimu huu nimepewa wageni wangu mwenyewe niwaongoze. Ni hawa wazungu wanaovua kwa nzi bandia wa manyoya, kisha samaki wanampiga picha na kumrudisha majini. Usicheke. Kila mwongozaji anatakiwa awe na begi la vifaa linaloeleweka, na mimi bado natumia kiroba cha mchele. Nichagulie moja huko sokoni. Lisipitishe maji, lisiwe na rangi kali maana samaki wanashtuka, na liwe na mfuko wa nje wa kuwekea visanduku vya nzi.

Mwanao,
Erasmus

Mabibo
19 Julai 2024

Mwanangu Erasmus,

Marahaba. Sie wazima. Mgongo wa mama yako umepoa, maumivu yamehamia kwenye ulimi na anayeyasikia ni mimi.

Nimecheka hata hivyo. Mtu apande ndege kutoka kwao aje amsumbue samaki, halafu amwachie! Haya, kazi ni kazi.

Nimezunguka kwenye mitumba mpaka miguu imevimba. Begi moja lilipendeza macho, nikalimiminia maji mbele ya muuzaji, likavuja, tukagombana. La pili zipu yake ilikuwa ya chuma, ingeliwa na kutu mwezi huohuo. Nikajiona mjinga. Maisha yangu yote nashona maturubai ya malori ili mvua isipite, leo mwanangu nimtafutie begi kwa mtu mwingine? Nimelishona mwenyewe kwa turubai kuukuu la lori, la kijani, na mishono nimeiziba kwa gundi. Upande mmoja zimebaki herufi za mwenye lori, zimekataa kutoka, uzielekeze mgongoni.

Marijani ananiambia utapokea wageni wako hotelini Kunduchi Jumamosi ya tarehe tatu. Nitalileta mwenyewe, niwaone na hao watu.

Baba yako

Kambini
20 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Mimi sijambo, kazi inaendelea vizuri.

Begi ni zuri mno. Juzi boti iliingia maji, mabegi ya wenzangu yakalowa, la kwangu halikupitisha hata tone. Mishipi mikavu, nzi wakavu. Wageni wamelipiga picha.

Samahani siku ile Kunduchi hatukupata muda wa kuongea, gari lilikuwa linasubiri. Marijani anasema alipita bandani ukamwambia huna barua ya kuniletea. Nadhani kazi zimekubana.

Mwanao,
Erasmus

Mabibo
8 Septemba 2024

Erasmus,

Mama yako hajambo, nami sijambo. Kazi hazikunibana.

Tangu ukiwa mdogo hujawahi kunikuta asubuhi ukapita bila shikamoo. Hata mwaka ule niliokuchapa kwa kutoroka shule, ulitoa shikamoo huku unalia. Kunduchi ulinitazama usoni, wazungu wako wawili wamesimama kando yako, ukasema, "Habari yako, fundi."

Nami nikajibu, "Nzuri, bosi." Nilidhani utacheka, kumbe ulikuwa hutanii. Ulilipokea begi ukaanza kuwaonyesha mifuko. Yule mama wa kizungu akanipa bakshishi, nikaipokea kwa mikono miwili, maana fundi ndivyo afanyavyo. Sikutaka kukuvunjia kazi yako.

Nilivaa lile shati la misa. Mama yako alilipiga pasi mwenyewe. Niliporudi akaniuliza nimepokewaje, nikamwambia ulinitambulisha kwa wageni, tukakaa, tukanywa soda. Akafurahi, akaenda kuwasimulia majirani. Kila anaponiomba nimsimulie tena naongeza uongo mwingine, na naona haya mbele ya mke wangu mwenyewe.

Baba yako

Kambini
30 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Najua hapa kwenye karatasi ni rahisi. Sijui hata kama nina haki ya kuuliza afya yako.

Nilikuona unakuja umebeba begi kichwani, umevaa kandambili, zile herufi za lori zinatazama mbele, nikaona aibu. Sina neno zuri zaidi la kuiita. Mdomo ulishasema kabla sijaamua, na ulipojibu "bosi" nikapumua. Hiyo ndiyo inayonitesa zaidi, kwamba nilipumua.

Msimu ukiisha nakuja Mabibo. Mama nitamweleza mwenyewe, wewe usiseme kitu tena kwa ajili yangu.

Jana, wageni wangu walewale, waliokaa msimu mzima, walipokuwa wanaaga, niliwaambia yule mzee wa Kunduchi ni baba yangu mzazi. Nilijiandaa washangae. Hawakushangaa. Yule mama alisema waliona tangu pale getini mwa hoteli, paji la uso ni moja na mwendo ni mmoja. Walinyamaza ili nisiaibike, na ile bakshishi alikupa kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake.

Kwa hiyo pale getini, baba, tulikuwa watu wanne, na wote wanne tulijua wewe ni nani.

Mwanao,
Erasmus